Mbwa wa Kumshikia Mzee Oguttu Fimbo

Jumamosi, 4 Julai 1964

Nimekataliwa. Si kukataliwa kabisa. Nimekataliwa kwa sababu ya fimbo.

Nilimngoja Anyango kisimani tangu asubuhi, nimevaa shati la mikono mirefu, na jua lote hilo. Nikamwambia maneno yote niliyoyapanga. Akatua mtungi, akasikiliza mpaka mwisho, akasema hawezi kuolewa na mtu yeyote, maana akitoka nyumbani nani atamshikia baba yake fimbo? Baba yake, Mzee Oguttu, ni kipofu. Akitaka kwenda mahali, Anyango anatangulia na ncha moja ya fimbo, mzee nyuma na ncha ya pili. Kanisani hivyo. Sokoni hivyo. Chooni hivyo, mpaka mlangoni.

Sasa hapo mtu atumie akili. Hakusema hanitaki. Alisema fimbo! Kwa hiyo kati yangu na Anyango kuna kipande cha mti tu.

Nikamweleza Senge Benedeta, dada wa marehemu baba yangu, ambaye nalala jikoni kwake mpaka mambo yangu yanyooke. Akaendelea kugeuza mihogo kwenye mafuta. Akasema, Patroba, msichana akikutajia fimbo, kimbia. Senge hajasoma.

Mimi nimesoma. Peke yangu, bila mwalimu, karatasi za kufungia karanga zikanitosha. Na leo hii karanga zimekuja zimefungwa kwa ukurasa wa gazeti la Kizungu, lina picha. Mzungu kipofu, miwani nyeusi, anavuka barabara, anaongozwa na MBWA! Wameandika kwamba mbwa hao wanafundishwa. Namna gani? "Kwanza," wakaandika, na hapo ukurasa ukaisha. Yaliyobaki yamefungia karanga za mtu mwingine.

Haidhuru. Kwanza ninayo. Mengine nitayatunga mwenyewe.

Jumatatu, 6 Julai

Tororo! Nimekwenda na kurudi juu ya lori la simenti.

Watu walisema kule kuna kichaa cha mbwa, na Bwana Mifugo anapiga risasi kila mbwa asiye na mwenyewe. Wengine waliposikia hivyo walifunga mbwa zao. Mimi nikapanda lori. Mahali mbwa wanauawa ndipo mbwa wanapatikana bure. Sijui kwa nini watu hawaoni mambo kama haya.

Walikuwa wamefungwa kwenye vigingi chini ya ule mwamba mkubwa wa Tororo. Mbwa wabaya wote, rangi ya udongo, mbavu nje. Halafu nikamwona. Mweupe! Mweupe kama kanzu ya padri, kuanzia pua mpaka mkia. Amekaa kando, kimya, ameinamisha kichwa kama mtu mwenye mawazo mazito. Nikajua palepale. Huyu ni mbwa wa Mzungu, tena injinia, aliyerudi kwao baada ya Uhuru akamtupa. Aibu kwa Wazungu! Mbwa msomi kufa na washenzi!

Nikamwambia Bwana Mifugo huyu ni wangu. Akauliza jina lake nani. Nikasema Injinia. Akasema haya mwite. Nikaita, Injinia! Kimya. Nikaita tena. Mbwa akatazama mlima. Askari mwenye bunduki akaanza kucheka, meno yote nje. Nikaenda mbele kwa hasira, nikajikwaa kwenye kigingi, ukucha ukang'oka. Mama mmoja aliyekuwa akipita na tenga la kuku akaniambia, "Wee, pole! Pole sana!" Na hapo hapo mbwa akainuka, akaja, akakaa miguuni pangu na kichwa chini.

Nikamwambia Bwana Mifugo umeona? Anajua jina lake. Limechelewa tu kumfikia.

Akachomwa sindano, akavalishwa kibati shingoni. Wangu kwa sheria. Yule mama wa kuku alimkazia macho mbwa sana, akatikisa kichwa. Wivu umeanza mapema.

Jumanne, 7 Julai

Nimeibiwa!

Mvua ilinyesha usiku. Nilimlaza Injinia nje mlangoni kama mlinzi. Asubuhi nikakuta mbwa rangi ya udongo, mbavu nje, sikio moja limechanika, amevaa kibati CHANGU. Nikamfukuza kwa ufagio. Akarudi. Nikachungulia kibati. Ni yeye.

Ule weupe wote ulikuwa vumbi la simenti. Mnafiki! Kumbe alikuwa analala kwenye magunia tu. Na simenti ilipopata maji ikatiririka mpaka kizingitini kwa Senge, ikakaa hapo. Senge akatoka gizani kuwasha moto akaikanyaga. Sasa imekauka. Mbele ya mlango wetu kuna mguu wa Senge, vidole vyote vitano, na hautoki hata kwa jembe. Nimepigwa mwiko mgongoni, mbele ya wateja wa mihogo.

Rangi si akili. Masomo yanaanza kesho.

Ijumaa, 10 Julai

Watu wa Busia wana ujinga wa ajabu. Wanacheka kitu ambacho hawajakielewa.

Nimekata mpira wa ndani wa baiskeli, nikamtengenezea Injinia mkanda wa kifuani, nikafunga fimbo hapo. Nikajifunga macho na leso ya Senge. Nikaamuru kwa Kiingereza, fowadi! Akalala. Fowadi! Akapiga miayo. Nilikaa hivyo njia panda, macho yamefungwa, nikimpigia kelele mbwa aliyelala. Watu wakakusanyika. Mmoja akauliza kama naombea mvua.

Halafu upepo ukaleta moshi wa kuni, Injinia akasimama, tukaenda. Na tulikwenda! Alinipitisha kando ya shimo la takataka. Alinizungusha nyanya za watu zilizotandazwa chini. Baiskeli ilipopiga kengele alisimama, nikasimama. Nusura nilie kwa furaha. Niliposikia amekaa, nikafungua leso. Tuko uwanjani kwa mwalimu mkuu, katikati ya wanawake wanaopika sufuria kubwa za wageni wa shule. Injinia ameshaingia chini ya kiti, ametulia, anasubiri. Wanawake wakaniuliza ninyi ni wageni wa nani. Nikasema wa sayansi. Wakatupa kiazi.

Jambo jingine. Kwaya ilipopita ikiimba ule wimbo wa polepole, Injinia aliinua pua juu akalia kwa uchungu mpaka wimbo ukaisha. Sijaona mbwa mwenye dini namna hii.

Jumapili, 12 Julai

Ushindi!

Nimempeleka kwa Mzee Oguttu. Mzee akampapasa kuanzia pua mpaka mkia, akafika kwenye mbavu, akauliza nimemletea mbwa au ngazi. Halafu akasema, "Patroba mwanangu, wewe una macho mawili mazima na mpaka leo hayajakufikisha popote. Hebu tuone huyu." Nimeanza kumheshimu kama baba mkwe.

Akashika fimbo. Wakaenda kanisani, mzee na mbwa, peke yao! Njia nzima watu walisimama. Mzee alikuwa anatembea kifua mbele, anasalimia kulia na kushoto, hata miti aliisalimia. Anyango alikuja nyuma, mikono mitupu. Hakujua aiweke wapi. Mara aishike nyuma, mara aikunje. Halafu akanitazama, akatabasamu.

Nimeanza kufikiria nyumba. Milango miwili, wa mbele na wa nyuma. Senge hatakuwa na ufunguo.

Jumanne, 14 Julai

Mzee amepotea na mbwa wangu!

Kulipopambazuka ngoma ililia upande wa Lunyo. Jirani anasema mbwa alisimamisha masikio, akavuta, mzee akashika fimbo, basi. Anyango akakimbia huku na huku akilia. Mimi nikamtuliza, nikamwambia mbwa msomi hawezi kwenda mbali, nikaelekea sokoni ambako nilikuwa na hakika wako. Hawakuwako. Nikanywa chai nikifikiri.

Kumbe wako Lunyo, kwenye matanga. Matanga ya mtu ambaye mzee hamjui, hajawahi kumsikia! Amewekwa kiti cha mbele, sahani ya nyama magotini, Injinia chini ya kiti na mfupa wake. Wenyeji walipoona mzee kipofu ametoka mbali kwa miguu na mbwa, wakasema huyu lazima ni mkwe mkubwa, na nani atathubutu kumwuliza mkwe wewe ni nani? Wakamwomba aseme neno. Mzee akasimama akamsifu marehemu mpaka mjane akazimia.

Anyango ndiye aliyewakuta. Wamerudishwa na Elphas, fundi wa majeneza, wa upande wa Kenya. Mkokoteni wake unakwenda na jeneza, unarudi mtupu. Mzee na mbwa juu, Elphas anasukuma, Anyango anatembea kando. Nimemshukuru Elphas kwa niaba ya familia. Ni mtu mpole, ana vumbi la mbao kwenye nyusi. Fundi wa majeneza si hatari kwa mtu yeyote aliye hai.

Ijumaa, 17 Julai

Tena! Na safari hii wamevuka mpaka!

Polisi wa kizuizi cha mpakani, ambaye anapekua hata tenga la dagaa, alipowaona aliinua mti, akavua kofia. Alidhani ni wafiwa. Mimi niliyekuwa nawafuata mbio nikasimamishwa, nikaulizwa nakimbia nini, nikaambiwa nitoe vitu vyote mfukoni. Nilikuwa na leso ya Senge. Nikaulizwa mwanaume anafanya nini na leso ya mwanamke. Wakati namaliza kueleza elimu ya mbwa, mkokoteni ulikuwa unarudi, Anyango kando.

Elphas akasimama kunisalimia kwa Kiswahili chake cha shule. Akasema, "Ndugu Patroba, mbwa wako ni hodari. Siku hizi anafika msibani kabla ya jeneza langu." Mzee akacheka juu ya mkokoteni. Anyango akacheka. Hata polisi!

Sikuona cha kuchekesha.

Jumapili, 19 Julai

Nimeujua ukweli na naomba watu wanihurumie.

Yule mama wa tenga la kuku, Apolot, anatoka Paya, leo ameleta kuku Busia. Akamwona mbwa, akapiga kelele, "Eeh! Pole! Pole, umefika huku?" Mbwa akamwendea mbio, mkia unapiga watu. Apolot akaniambia huyo ni mbwa ya matanga. Paya wanamjua, Petta wanamjua. Hana mwenyewe. Ngoma ikilia anakwenda, anakula mfupa, analia na wenye kulia, anakwenda kwingine. Kwa sababu kila mtu pale anasema pole, pole, amechukua hilo kuwa jina lake. Akasema kwao, asipokuja, watu wanauliza marehemu alikosa nini.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia siku ile Tororo. Akasema nilikuwa naita Injinia kwa nguvu sana, akaogopa kuniingilia.

Nikaenda na mbwa mbio kwa Mzee Oguttu kumwambia mbwa anarudi shuleni. Mzee akakataa! Akashika ule mkanda wa mpira kwa mikono yote miwili. Akasema tangu macho yake yazime ameketi chini ya upenu huu akisikiliza kuku, na watu wanapita njiani wanasema shikamoo bila hata kupunguza mwendo. Sasa anafika mahali watu wanainuka. Wanamwambia sema neno, mzee, nao wanasikiliza. "Unataka nirudi kwa kuku?" akaniuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikasema hapana, baba.

Lakini huu si mwenendo! Nilifundisha mbwa wa kunipatia mke, si wa kumpatia mzee nyama!

Jumatano, 22 Julai

Ngoma tena. Mkokoteni tena. Siandiki.

Jumamosi, 25 Julai

Nimekwenda kwa Anyango tuongee kama watu wazima. Nikamkumbusha kwamba fimbo sasa ina mtu. Akasema ni kweli, na ananishukuru, lakini siku hizi yeye mwenyewe hapatikani, kila mara yuko njiani kumfuata baba yake. Nikamtazama. Amesuka nywele. Amevaa gauni la Krismasi. Kwenda matanga! Nikamwambia mimi pia naweza kusukuma mkokoteni. Akasema hapana haja, mkokoteni upo.

Nimewaza sana. Mbwa akiacha matanga, Anyango anakaa nyumbani, ananikuta mimi. Na mbwa anakwenda matanga kwa sababu gani? Anasikia ngoma. Kwa hiyo dawa ni masikio.

Nimeokota pamba kwenye magunia pale stoo ya wakulima. Kesho kutwa namziba.

Jumatatu, 27 Julai

Sijui nianze wapi.

Pamba iliingia vizuri, masikio yote mawili, hata lile lililochanika. Ngoma ililia upande wa Lunyo. Injinia hakutikisika! Nilikuwa nyuma ya ua, nikaruka kwa furaha, nikachanwa na miiba. Halafu upepo ukageuka. Mbwa akanusa. Akasimama. Akamvuta mzee, lakini si kwenda Lunyo. Barabara kubwa, kizuizini, polisi akavua kofia, Kenya. Mimi nyuma. Nikatoa leso kabla sijaulizwa.

Akampeleka moja kwa moja kwenye kibanda cha Elphas! Kumbe harufu ya mbao mbichi kwake ndiyo mwanzo wa msiba. Hasikii, lakini pua anayo. Hilo gazeti halikunionya.

Na nani alikuwa ndani ya kibanda? Anyango! Amekaa juu ya boriti, anapiga msasa ubao, chai ya maziwa pembeni. Elphas anaranda. Wakamkaribisha mzee, wakamkaribisha mbwa, wakanikaribisha na mimi. Nilitaka kuwa mstaarabu, nikavua kofia, nikauliza nani amefariki.

Elphas akasema hakuna aliyefariki. Hili si jeneza, ndugu Patroba. Ni kitanda.

Nikasema ni kipana sana.

Akasema ndiyo.

Jumapili, 9 Agosti

Wametangazwa kanisani. Jina la Anyango na jina la Elphas, kwa sauti, mbele ya Mungu na Senge. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno. Nilikuwa nalo, nikasimama, Senge akanivuta shati nikakaa juu ya kofia ya mtu.

Nje Anyango akanijia mbele ya watu wote. Akanishika mikono. Akasema, "Patroba, Mungu akubariki. Bila mbwa wako ningezeekea kwenye ile fimbo." Alikuwa na machozi ya kweli. Watu wakanipigia makofi.

Makofi! Mtu anaibiwa, halafu anapigiwa makofi!

Jumamosi, 29 Agosti

Nilikula kiapo sitakwenda arusini. Nilikwenda tu kumwangalia mbwa wangu, maana ndiye aliyepangwa kumwongoza baba wa bibi arusi mpaka mbele. Walimwosha. Walimfunga utepe.

Kengele ya kanisa ilipoanza, na ngoma nayo ikalia ng'ambo ya mto. Mbwa akajitoa kwenye mkanda kama samaki, akaenda na utepe wake. Mzee akabaki mlangoni, fimbo mkononi, ncha ya pili hewani. Bibi arusi ameshafika. Kwaya imeshaanza. Kila mtu anatazama mwenzake.

Mzee akauliza kwa sauti ya kanisa zima, "Patroba yuko wapi? Yeye hana kazi."

Nikasukumwa. Nadhani ni Senge. Nikashika ile ncha.

"Fowadi," mzee akasema nyuma yangu.

Nikaenda. Nilimwongoza mpaka mbele, taratibu, nikampitisha kando ya benchi lililovunjika, nikamsimamisha pale pale kwa Elphas. Watu walikuwa wanauma leso wasicheke. Mzee akainama kwa jirani yake akasema huyu anavuta vizuri kuliko mbwa, ila ananung'unika. Anyango aliponiona nimeshika fimbo alicheka na kulia pamoja, sikumwona mrembo namna hiyo hata kisimani. Kitanda kilipitishwa barabarani juu ya mkokoteni ili kila mtu akione. Kizuri. Nimekitafutia kasoro sikuipata, na hilo limeniudhi kuliko yote.

Mbwa alirudi jioni, na mfupa. Mzee akasema, "Pole, umerudi." Wakaenda nyumbani wote wawili. Hakuna aliyenikumbuka. Mbwa alinipita.

Jumatatu, 31 Agosti

Nimemaliza na mbwa. Mbwa ni mnyama asiye na shukrani, na kosa lote lilikuwa la mbwa. Mpango wenyewe ulikuwa safi.

Sasa. Arusini nimemwona Loice, wa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Nimemwambia maneno mawili matatu. Akasema ah, hawezi kutoka nyumbani, mama yake hasikii, mgeni akibisha hodi nani atamwambia mama?

Hakusema hanitaki! Alisema hodi.

Na tazama bahati. Bata mzinga aliyekusudiwa sufuria ya arusi alikimbia, nikamkuta jikoni kwetu nyuma ya magunia. Nimemwokoa. Ana mwili, ana sauti, ana kifua cha askari. Nimempa jina Balozi. Mgeni akija, Balozi atakwenda kwa mama, atamvuta gauni, basi. Senge ametazama mguu wake pale kizingitini, akanitazama mimi, akaingia ndani bila kusema kitu. Ameishiwa hoja.

Na nimechunguza kwanza, safari hii sikukurupuka. Nimeuliza mpaka kwa Apolot. Bata mzinga hapendi matanga hata kidogo.

Tumeanza masomo leo. Nimepiga hodi mlangoni tangu asubuhi. Kila nikipiga, Balozi ananyamaza kabisa, anaingia chini ya kitanda, hatoki mpaka niondoke.

Hiyo ni adabu. Mbwa hakuwa nayo.